Kuchagua programu ya SSH kwa kompyuta yako: mwongozo kamili wa kuingia kwenye seva na ruta ukiwa mbali

Mtu akikodi seva yake ya kwanza, hupokea barua pepe yenye mambo matatu: namba ya IP, jina la mtumiaji na nywila. Anaingia mtandaoni kutafuta programu ya SSH, yaani ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao kwa njia iliyofichwa, anakutana na orodha ya programu kumi na tano, kila moja ikisifiwa kuwa ndiyo bora. Hapo ndipo wengi hupakua ya kwanza wanayoiona.

Anza na kile unachokwenda kuunganisha nacho. Sura ya programu na wingi wa vitufe vyake ni mambo ya baadaye. Ukishajua upande wa pili kuna nini, majina mengi yanajiondoa yenyewe, na wengi wenye Windows 10 au 11 watakuta wanachohitaji kimo tayari ndani ya kompyuta. Ninazungumzia skrini ya maandishi, ile ya kuandika amri. Kama unataka kuona dirisha zima la kompyuta ya mbali pamoja na kipanya chake, hiyo ni kazi ya programu za aina nyingine.

Hatua ya 1: Jua upande wa pili kuna nini

Seva ya Linux uliyokodi, iwe Cape Town, Frankfurt au kwa mtoa huduma wa hapa nyumbani, inapokea SSH kwenye poti (mlango wa mtandao wenye namba) 22. SSH ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa Helsinki, Finland, baada ya wadukuzi kunasa nywila zilizokuwa zikipita wazi kwenye mtandao wa chuo chake. Kabla ya hapo watu walitumia telnet, poti 23, ambayo hupeleka kila kitu bila kukificha, nywila ikiwemo. Telnet haijafa. Utaikuta kwenye swichi za zamani na vifaa vya bei rahisi, na ukiikuta kazi ya kwanza ni kuwasha SSH na kuizima telnet.

Kundi la pili ni mafundi mtandao. Ruta ya MikroTik au swichi ya Cisco iliyokwisha pewa anwani utaiingia kwa SSH kama seva nyingine yoyote. Lakini swichi mpya isiyo na anwani, au ruta iliyoharibiwa mipangilio hadi haifikiki, inaingiwa kwa kebo ya konsoli, inayochomekwa moja kwa moja kwenye kifaa, na hapo SSH haina msaada. Jibu swali hili kabla hujapakua chochote: kuna siku utahitaji kebo ya konsoli? Kama ndiyo, PuTTY, programu inayoweza SSH na konsoli pia, inaingia kwenye orodha yako moja kwa moja.

Hatua ya 2: Angalia ulichonacho tayari

Kwenye Windows fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, andika:

ssh -V

Ukijibiwa kitu kama OpenSSH_for_Windows_9.5p1, programu unayo. Microsoft walianza kuiweka ndani ya Windows 10 mwaka 2018. Ni OpenSSH ileile iliyotoka kwa watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1999, na ndiyo inayopokea wageni kwenye karibu kila seva ya Linux utakayokodi. Kama amri haitambuliki, ingia kwenye Settings, tafuta "Optional features", ongeza "OpenSSH Client". Kwenye Mac na Ubuntu huhitaji kutafuta: fungua Terminal, imo.

Kwa mtu mwenye seva moja, mbili, hata kumi, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Haihitaji bando la kupakua na husasishwa pamoja na Windows. Tena, kila maelekezo utakayosoma kuhusu seva yameandikwa kwa amri hizihizi, kwa hiyo unachojifunza leo kwenye Windows utakitumia kesho kwenye Mac ya ofisini bila kubadili neno.

Kinachowakimbiza watu ni lile dirisha jeusi la zamani. Weka Windows Terminal, inayopatikana bure Microsoft Store na ambayo kwenye Windows 11 huja nayo. Ina vichupo, herufi zinasomeka vizuri, na ukibandika mistari mingi kwa mkupuo inakuuliza kwanza kama una uhakika. Kwenye PuTTY kubofya kulia kwa kipanya kunabandika papo hapo bila swali, na kila mstari wenye alama ya kumalizia unaweza kutekelezwa. Kama ulichonakili mwisho kilikuwa ujumbe wa WhatsApp, seva inaweza kujaribu kuutekeleza kama amri.

Hatua ya 3: Ingia mara ya kwanza, ukisoma kinachoandikwa

Andika amri hii ukiweka jina na anwani yako:

ssh juma@203.0.113.10

Mara ya kwanza utaambiwa kwamba uhalisia wa seva haujathibitishwa, kisha utaona mstari unaoanza na SHA256 na kuulizwa yes au no. Karibu kila mtu huandika yes bila kusoma. Ule mstari ni alama ya kidole ya seva, na njia pekee ya kujua kwamba hujaelekezwa kwa mtu mwingine ni kuulinganisha na ule wa seva yenyewe. Mtoa huduma wako ana konsoli ndani ya ukurasa wako wa kivinjari. Ingia huko, andika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Linganisha. Zikifanana, kubali, na hutaulizwa tena. Siku moja ukiona onyo kubwa kwamba alama imebadilika, jiulize: nimeisakinisha seva upya? Kama jibu ni hapana, usiingize nywila.

Ukichoka kuandika anwani, tengeneza faili liitwalo config ndani ya folda .ssh iliyo kwenye C:\Users\jinalako. Hakikisha Notepad haijaliongezea .txt mwishoni, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Ndani yake andika:

Host duka
  HostName 203.0.113.10
  User juma
  ServerAliveInterval 30

Kuanzia hapo ni "ssh duka" tu. Mstari wa mwisho nitaueleza chini, maana kwa mtandao wetu ndio wenye kazi kubwa.

Hatua ya 4: Wakati wa kuchukua PuTTY

PuTTY ya Simon Tatham iko hewani tangu mwaka 1999, ni ya bure, na faili lake la putty.exe halifiki MB 2. Linafanya kazi bila kusakinishwa, unaliweka kwenye flashi na kuondoka nalo. Ichague kama kompyuta yako bado ni Windows 7, kama uko kwenye kompyuta ya ofisi usiyo na ruhusa ya kuongeza kitu, au kama kazi yako ina kebo za konsoli.

Kwa konsoli mambo huenda hivi. Chomeka kebo ya USB, fungua Device Manager, angalia chini ya "Ports" imepewa namba gani, tuseme COM3. Kwenye PuTTY chagua "Serial", andika COM3, na kasi: Cisco nyingi ni 9600, MikroTik ni 115200. Bonyeza "Open". Skrini itakuwa tupu kabisa, na wageni wa kazi hii hudhani imegoma. Bonyeza Enter. Zikitokea herufi za ajabuajabu zisizosomeka, kebo ni nzima ila kasi uliyoweka siyo, kwa hiyo funga ujaribu nyingine. Isipotokea chochote hata baada ya Enter kadhaa, shuku dereva ya kebo au namba ya COM.

Kabla ya yote, ipakue mahali sahihi. Ukurasa wa mwandishi mwenyewe uko chiark.greenend.org.uk/~sgtatham/putty. Anwani ya putty.org, ambayo watu huiandika kwa kukisia, si yake. Na matangazo yanayokaa juu ya matokeo ya utafutaji ndiyo yametumika mara kwa mara kusambaza PuTTY bandia yenye kuiba nywila. Ukishapakua, bofya kulia faili, ingia "Properties", kisha "Digital Signatures". Mtia saini awe Simon Tatham. Kama kichupo hicho hakipo kabisa, futa.

Chukua toleo jipya, si lile ulilopewa na rafiki miaka mitano iliyopita. Aprili 2024 ilibainika kwamba PuTTY kuanzia 0.68 hadi 0.80 ilikuwa na kasoro katika kutia saini kwa funguo (za kuingilia badala ya nywila, tazama Hatua ya 6) za aina ya NIST P-521: mtu akikusanya saini 60 hivi anaweza kukokotoa ufunguo wako wa siri. Toleo 0.81 lilirekebisha, lakini ufunguo uliowahi kutumika na matoleo yale umeshaungua, hata ukisasisha. Lazima uondolewe kwenye seva zote na kutengenezwa mwingine. Funguo za Ed25519 na RSA hazikuguswa.

Jambo moja linalowaudhi wengi kwenye PuTTY: unapanga herufi, rangi, kila kitu, unaunganisha, kesho yake vyote vimepotea. Mipangilio haihifadhiwi mpaka urudi kwenye "Session" pale juu kabisa, uandike jina chini ya "Saved Sessions" na kubonyeza "Save". Na ukihama kompyuta, kumbuka vyote hivyo vimo kwenye rejista ya Windows, si kwenye folda ya PuTTY. Vitoe hivi:

reg export HKCU\Software\SimonTatham putty.reg

Swichi za zamani sana zina shida nyingine. OpenSSH mpya itazikatalia kwa sababu zinatumia mbinu za usimbaji zilizokwisha achwa. Unaweza kuilazimisha kwa swichi hiyo moja:

ssh -o KexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 admin@10.0.0.2

Usiiandike chini ya "Host *" kwenye faili la config, maana hapo utakuwa umelegeza mlango kwa seva zote.

Hatua ya 5: Hizo nyingine

MobaXterm inastahili kutazamwa kama unasimamia mashine nyingi na unapenda kuona mafaili ya seva pembeni ya skrini ileile, au kama unafungua programu zenye madirisha kutoka kwenye Linux. Toleo la bure linakuwekea ukomo wa seva 12 za kuhifadhi na njia 2 za kupitisha poti (tunnels). Termius inawafaa wanaotaka orodha moja kwenye simu na kompyuta, ila kusawazisha huko kunahitaji akaunti na malipo, na maana yake taarifa za seva zako zinakaa kwa mtu mwingine, hata kama zimesimbwa. Mimi funguo za seva za wateja siziweki huko. Tabby inapendeza machoni, lakini kwenye mashine ya RAM GB 4 utaisikia ikivuta.

Kuhamisha mafaili hakuhitaji ubadili uamuzi. WinSCP ni ya bure na inakaa vizuri pamoja na OpenSSH au PuTTY. Kwa faili moja, amri ya scp inatosha:

scp picha.zip duka:/home/juma/

Hatua ya 6: Ufunguo badala ya nywila

Hapa usiharakishe, kwa sababu programu yoyote uliyochagua hapo juu, usalama wako unaamuliwa hapa. Seva yenye poti 22 wazi huanza kubishiwa hodi na roboti za kukisia nywila muda mfupi baada ya kuwashwa. Tazama /var/log/auth.log ya Ubuntu uone majina wanayojaribu: root, admin, test, ubuntu. Ufunguo unamaliza mchezo huo.

Kwenye PowerShell:

ssh-keygen -t ed25519

Kubali mahali inapopendekeza, kisha weka neno la siri la ufunguo. Usiliache tupu: kompyuta mpakato ikiibiwa, hilo ndilo litakalosimama kati ya mwizi na seva zako. Utapata mafaili mawili. Lenye .pub ni la kugawa popote. Lisilo na .pub halitoki kwenye kompyuta yako, halitumwi kwa WhatsApp, halipandishwi Google Drive. Mwenzako akihitaji kuingia, atengeneze wake akutumie .pub yake.

Peleka ufunguo wa umma kwenye seva. Windows haina amri ya ssh-copy-id, kwa hiyo:

type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh duka "mkdir -p .ssh && chmod 700 .ssh && cat >> .ssh/authorized_keys && chmod 600 .ssh/authorized_keys"

Utaulizwa nywila mara ya mwisho. Jaribu tena "ssh duka", sasa utaulizwa neno la ufunguo tu. Kama hutaki kuliandika kila mara, washa huduma ya ssh-agent, inayokushikia ufunguo ukiwa umefunguliwa. Windows huiacha imezimwa, kwa hiyo fungua PowerShell kama msimamizi:

Set-Service ssh-agent -StartupType Automatic
Start-Service ssh-agent

Kisha, kwenye dirisha la kawaida, ssh-add.

Kama mtoa huduma alikupa faili la ufunguo la .pem na Windows inalalamika "UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE", maana yake watumiaji wengine wa kompyuta hiyo wanaweza kulisoma. Hutokea sana faili likiwa kwenye D: au flashi. Lihamishie ndani ya folda yako ya .ssh na tatizo mara nyingi huisha hapo.

PuTTY ina aina yake ya faili, .ppk, na OpenSSH hailisomi. Fungua PuTTYgen: "Load" huingiza ufunguo wa OpenSSH ukauhifadhi kama .ppk, na menyu ya "Conversions" hutoa .ppk kuwa ya OpenSSH. Ufunguo unabaki uleule kwa namna mbili za kuuandika, kwa hiyo hulazimiki kutengeneza mwingine kwa ajili ya programu ya pili.

Hatua ya 7: Mtandao unaokatika

Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa na seva iko Ulaya, kila herufi unayobonyeza inasafiri hadi kule na kurudi ndipo uione, na safari hiyo mara nyingi huzidi milisekunde 150. Nyaya za baharini zikikatika, kama zilivyokatika EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024, huwa mbaya zaidi. Hapa ndipo programu nzuri hulaumiwa bure.

Kwanza, ukikaa kimya dakika chache kwenye mtandao wa simu, kampuni ya simu husahau muunganiko wako na skrini inaganda. Dawa ni ule mstari wa ServerAliveInterval 30, unaotuma salamu ndogo kila sekunde 30. Kwenye PuTTY ingia "Connection", weka "Seconds between keepalives" iwe 30 badala ya 0. Ikiwa imeshaganda kwenye OpenSSH, bonyeza Enter, kisha ~ na nukta, inajifunga bila kuua dirisha zima. Lakini kabla ya kumlaumu mtoa huduma, bonyeza Ctrl+Q: huenda uligusa Ctrl+S, ambayo husimamisha skrini, na hakuna kilichokatika.

Pili, kazi ndefu usiifanye bila tmux, programu ya kwenye seva inayoshikilia kazi yako hata ukikatika. Fikiria umeme umekatika katikati ya apt upgrade, amri ya kusasisha programu za Ubuntu: ruta ya Wi-Fi imezima, SSH imekufa, na masasisho yamebaki nusu, unaanza kuhangaika na amri ya ukarabati, dpkg --configure -a. Ukiwa umeanza kwa

tmux new -s kazi

kazi inaendelea kwenye seva hata wewe ukiwa gizani. Ukirudi, tmux attach -t kazi, unaikuta ilipofikia.

Tatu, Mosh, programu ya kuingilia seva iliyotoka MIT mwaka 2012. Inakuonyesha herufi papo hapo kabla seva haijajibu, na inavumilia kuhama kutoka Wi-Fi hadi data ya simu bila kukatika. Inatumia UDP poti 60000 hadi 61000, hivyo zifungue kwenye ngome (firewall) ya seva. Kwenye Windows unaipata ndani ya WSL, yaani Linux inayokaa ndani ya Windows. Upungufu wake: huwezi kurudi juu kusoma yaliyopita skrini, kwa hiyo iweke pamoja na tmux.

Hatua ya 8: Funga nywila, ukiwa na dirisha la akiba

Ufunguo ukifanya kazi, zima kuingia kwa nywila. Kwenye faili la seva la /etc/ssh/sshd_config weka PasswordAuthentication no. Kwenye Ubuntu za kukodi angalia pia folda ya sshd_config.d. Mara nyingi kuna faili la 50-cloud-init.conf linalosema yes, na kwa kuwa linasomwa kwanza, lenyewe ndilo linaloshinda. Uliza seva yenyewe inaamini nini:

sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication

Ikijibu no, endelea na sudo systemctl reload ssh. Usilifunge dirisha ulilomo. Fungua la pili, uingie upya kwa "ssh duka". Likikataa, bado uko ndani kupitia lile la kwanza na unaweza kurudisha ulichobadili. Kwenye la pili andika ssh -v duka na usome kila panapotajwa "Offering public key", ujue ni ufunguo gani hasa kompyuta yako inaupeleka. Likikubali, ndipo ulifunge la kwanza.